KERIA YA MITUMBWI: ANAYEFUNGA KAMBA ASIKILIZWE KABLA YA KUNUNUA



Liko jambo ambalo katika mikutano ya kazi hupewa dakika mbili tu, kisha humlaza mwenzetu kitandani wiki nzima. Jambo lenyewe ni keria, yaani kile chuma kinachokaa juu ya paa la gari ili kubebea mtumbwi. Huku kwetu Kenani, na kando yote ya Ziwa Mweru hapa Nchelenge na Kashikishi, mitumbwi haisafiri majini peke yake. Husafiri pia nchi kavu, juu ya pikapu, Land Rover na malori. Hupelekwa kwa fundi, huhamishwa toka gati moja kwenda jingine, na huuzwa mbali na pale ulipochongwa. Siku hizi wapo pia wageni wenye kayaki za plastiki, na wapo waajiri wenye vyombo vidogo vya fibaglasi. Vyote hivyo hupandishwa juu kwa mikono ya watu, hufungwa kwa mikono ya watu, na vikianguka huwaangukia watu.

Sisi tunaopakia, tunaofunga na tunaoendesha tunasema wazi: keria ichaguliwe pamoja na sisi, na ichaguliwe kabla fedha haijatoka. Ichaguliwe kwa kupima uzito wa mzigo na kutazama paa la gari. Bei na rangi vifuate baadaye.

Wanaosoma kurasa hizi za Kiswahili hapa Kenani wengi walitoka ng'ambo, mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakaja hapa tangu mwaka 2017 kituo kilipofunguliwa. Wengine wakahamia Mantapala kuanzia mwaka 2018. Wenyeji wetu husema Kibemba, na mtumbwi huuita ubwato. Kazi ya kupakia imetuchanganya sote, maana mzigo hauulizi mtu amezaliwa upande gani wa maji. Ndiyo sababu tunaandika kwa neno moja, sisi.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai na wa viwandani huenda wakauliza, mtumbwi unatuhusu nini? Unawahusu. Keria ibebayo mtumbwi ndiyo ile ile ibebayo ngazi ya fundi wa umeme, mabomba ya kumwagilia na mbao za kiwandani. Kitu chochote kirefu kikiwekwa juu ya gari fupi kina tabia moja: upepo hukinyanyua kwa mbele, mashimo hukirusha kwa nyuma, na breki hukitupa mbele.

Tena habari ya kubeba maboti nchi kavu katika sehemu zetu za Afrika si ngeni. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na boti lake, Lady Alice, lililotengenezwa Uingereza kwa vipande ili libebwe na wapagazi. Vipande vilipofika Unguja vikaonekana vizito kupita kiasi, ikabidi fundi avipunguze ndipo viweze kubebeka. Aliyeagiza boti alikuwa mbali na bega lililolibeba. Mwaka 1915 Waingereza walileta maboti mawili ya vita, Mimi na Toutou, yaende Ziwa Tanganyika. Yalikuja kwa reli mpaka Fungurume, katika Katanga, kisha yakakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Vitabu vimejaa majina ya maofisa. Waliokata miti na kujenga madaraja ili maboti hayo yapite hatuyaoni majina yao.

Basi keria ya kwanza ilikuwa kichwa na bega la mtu. Hata leo bado. Kule Livingstone, wapagazi hupandisha maboti ya mpira na kayaki kutoka chini ya korongo la Batoka kwa miguu, na wakifika juu ndipo kazi ya kupakia kwenye gari inapoanza. Kule Jinja, Uganda, kayaki imepandishwa hata juu ya bodaboda, imekingama nyuma ya dereva kama mbawa. Vijana wale ni hodari, hatukatai, ila uhodari hauwi badala ya vifaa.

Sasa tuingie kwenye keria yenyewe.

La kwanza ni uzito. Kila gari lina kipimo cha uzito unaoruhusiwa juu ya paa, nacho kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kitabu hicho mara nyingi hukaa ofisini katika droo, na dereva hajapata kukiona. Wengi hudhani kwamba kipimo hicho ni cha mzigo peke yake. Sivyo. Uzito wa keria yenyewe umo ndani yake. Tuseme paa linaruhusiwa kilo 100, na keria ya chuma iliyochomelewa ina kilo 40. Zimebaki kilo 60. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja huwa kati ya kilo 20 na 30. Kayaki mbili za kilo 25 ni 50, kwa hiyo zimebaki kilo 10 tu za makasia na turubai. Tena hesabu hiyo ni ya barabara ya lami, kama ile itokayo Mansa kupita Mwense na Mwansabombwe. Ukiingia njia ya vumbi yenye matuta kama bati, baadhi ya watengenezaji wa keria husema uzito upunguzwe kwa theluthi moja. Zile 100 huwa kama 67. Toa 40 za keria, umebakiwa na 27. Hiyo ni kayaki moja. Ya pili ibaki nyumbani, au keria iwe nyepesi.

Hapo ndipo ubora wa aluminiamu unapoonekana, na hapo pia ndipo tajiri anapokunja uso kwa sababu ya bei. Lakini keria nzito si keria imara. Chuma kinene kikiwekwa juu ya paa jembamba, kinachovunjika ni paa.

Kayaki ni jamaa ya mitumbwi yetu kwa umbo tu. Watu wa nchi za barafu, Greenland na kandokando yake, walikuwa wakiitengeneza kwa ngozi ya sili juu ya mifupa ya miti, na mtu mmoja aliweza kuibeba. Mtumbwi wa gogo ni jambo lingine kabisa. Ukitoka majini mbao yake imekunywa maji, na watu wanne hawauinui bila kupiga kelele. Mtumbwi wa namna hiyo usipandishwe juu ya paa la gari dogo hata kidogo. Mahali pake ni ndani ya bodi ya lori au juu ya tela. Mwajiri asitake keria ifanye kazi ya lori kwa kuwa lori linakula mafuta mengi.

La pili ni paa. Magari ya zamani kama Land Rover, na Land Cruiser za kazi hata hizi za karibuni, yana mfereji wa mvua ukingoni mwa paa. Miguu ya keria hushika pale, na chuma cha pale kina nguvu. Kwa gari la namna hiyo sisi hatuoni aibu kusema kwamba keria ya fundi wetu wa kuchomelea inaweza kushinda ile ya dukani, maadamu ina miguu mitatu au minne kila upande, na kila mguu umebanwa kwa bolti yenye nati mbili ili isilegee. Magari mengi ya siku hizi hayana mfereji. Paa lake ni laini kama yai. Hayo yanahitaji miguu iliyotengenezwa kwa gari lile lile, inayoshika ukingo wa mlango au matundu aliyoyaacha mtengenezaji wa gari. Fundi akitoboa paa ili apitishe bolti zake, maji ya mvua yataingia, kutu itafuata, na siku moja keria itang'oka pamoja na kipande cha bati. Kwa gari la namna hiyo nunueni ya dukani, hata kama ni ghali.

Pikapu ina ugonjwa wake. Paa lake ni fupi, na vyuma viwili vya kukingama vikikaa karibu karibu mtumbwi hucheza kama mzani wa dukani. Kwa chombo cha mita 4, umbali wa mita 1.3 hivi baina ya vyuma ni mzuri, yaani theluthi ya urefu wake. Hivyo mafundi wengi huweka chuma kimoja juu ya kabati la dereva na kingine nyuma juu ya bodi. Inaonekana akili, lakini kabati na bodi ni vitu viwili vilivyokaa juu ya chesisi moja, na barabarani kila kimoja hujipinda kivyake. Keria iliyofungwa imara pande zote mbili hupasuka pale ilipochomelewa, au huvuta paa. Fremu nzima ikae juu ya bodi, ipite juu ya kabati bila kuligusa.

Juu ya vyuma lazima pawe na kitu laini. Si lazima vile vibebeo vya dukani vyenye umbo la ndoana, ingawa ni vizuri, maana kayaki husimama kwa ubavu na ubavu ndio wenye nguvu. Kipande cha sponji ngumu kilichofungwa kwa mpira kinatosha kwa safari fupi. Plastiki iliyobanwa juu ya chuma kitupu wakati wa jua la Oktoba hubonyea, na hapo maneno huanza ofisini. Mtumbwi ulio wazi ulazwe kifudifudi juu ya kingo zake. Ukilazwa chali na mvua ikanyesha njiani, kila lita ya maji ni kilo moja zaidi. Lita 40 zimemzidi uzito mtoto wa shule aliyekaa juu ya paa.

Kuhusu kamba tutasema zaidi, kwa sababu hapa ndipo tunapoumia.

Kamba inayopendwa huku ni mpira wa tyubu uliokatwa utepe mrefu. Ni rahisi, unapatikana kwa kila mziba pancha, na hushika vizuri gunia au turubai. Lakini mpira huvutika, na kwa mtumbwi hilo ndilo kosa lake. Gari likiruka shimo, mtumbwi huruka nao, mpira huurudisha, ukaruka tena, mpaka umesogea. Jua nalo huukausha ukapasuka bila kutoa taarifa. Kamba ya katani, ambayo ndugu zetu wa mashamba ya Tanga waliilima kwa jasho miaka mingi, ni nzuri kuliko mpira, ila hukaza ikilowa na kulegea ikikauka. Ukifunga asubuhi kwenye umande, saa sita utakuta imelegea. Nailoni nayo ikilowa hunyooka. Kamba au mikanda ya poliesta ndiyo inayofaa.

Kwa kayaki na vyombo vya fibaglasi tunataka mkanda mpana wenye bizimu ya kuvutwa kwa mkono. Ule mkanda wa malori wenye meno na kipini cha kukazia una nguvu mno. Mtu akichoka na kuwa na haraka huukaza mpaka chombo kinalia. Mikanda miwili ipite juu ya chombo, mmoja kila chuma. Halafu, na hili ndilo husahauliwa, kamba moja itoke ncha ya mbele ishuke mpaka chini ya bampa, na nyingine itoke ncha ya nyuma. Hizo za ncha ndizo zinazouzuia upepo. Mwendo ukitoka kilomita 60 kwenda 120 kwa saa, nguvu ya upepo huongezeka mara nne, wala si mara mbili. Ukitoka 80 kwenda 100 tu, huongezeka kwa zaidi ya nusu. Dereva ajue hivyo, na anayempigia simu awahi ajue pia. Kitambaa chekundu kifungwe kwenye ncha inayotokeza nyuma, na usiku taa. Baada ya kilomita 10 gari lisimame, kamba zishikwe moja moja. Dakika hizo 5 zihesabiwe kuwa ni saa za kazi.

Na mtu asikae juu. Tumeona mara nyingi utingo akiambiwa apande juu ya paa "aushike" mtumbwi kwa sababu kamba hazitoshi. Mtu si kamba. Mtu mzima mwenye kilo 70 akipanda juu, kipimo cha paa kimekwisha vunjwa kabla gari halijaondoka, na yeye hana cha kumzuia breki ikipigwa.

Tuseme pia juu ya migongo. Paa la gari refu pamoja na keria hupita kimo cha mtu, na kuinua kitu kirefu juu ya kichwa ndiyo njia ya haraka ya kuumiza kiuno. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Na. 127 mwaka 1967 juu ya uzito anaobebeshwa mfanyakazi, na Pendekezo Na. 128 la mwaka huo huo likataja kilo 55 kuwa ndiyo mwisho kwa mwanamume mzima. Watu wengi hutuambia, "Mtumbwi ule ni kilo 100, ninyi ni wawili, kila mmoja 50, tatizo liko wapi?" Tatizo ni kwamba kilo 50 za gunia begani si sawa na kilo 50 za chombo cha mita 5 mikono ikiwa juu na upepo wa ziwani ukivuma. Kwa gari refu tunataka kiwepo chuma cha kuegemeza nyuma, ili ncha moja ipandishwe kwanza, kisha chombo kisukumwe kwenda mbele. Na mwajiri mwenye vyombo vitatu au zaidi anunue tela la chini, ambalo hupakiwa kwa kimo cha kiuno. Tela lina leseni yake na magurudumu yake, ni kweli. Kiuno cha mtu hakina spea.

Sasa fedha. Wako wenzetu waliokatwa mshahara kwa ajili ya chombo kilichodondoka njiani. Mmoja wao alikuwa amesema mbele ya watu, asubuhi ile, kwamba keria imepasuka kwenye mguu wa nyuma. Akaambiwa afunge na aende. Chombo kikaanguka, kwa bahati kikaangukia majani, na mwisho wa mwezi akakuta bahasha yake ni nyepesi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zambia, Na. 36 ya mwaka 2010, imemtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu wake wawapo kazini. Keria ni kifaa cha kazi kama vile panga la mkata miwa au mashine ya kiwandani. Hivyo tunashauri kila gari lenye keria liwe na daftari dogo. Dereva aandike kasoro aliyoiona, tarehe na jina la aliyepewa taarifa. Mtu akiumia, hata akisema "si kitu, nimeteguka tu", iandikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dai la fidia bila maandishi ni hadithi.

Baadhi ya wenzetu wenyewe hutucheka. Husema wazee walifunga kwa magome ya miti na wakafika. Wengine wanaogopa kwamba tukidai mikanda na tela, mwajiri atatafuta vibarua wengine wasiosema, na hapa Kenani vibarua hawakosekani. Hofu hiyo haikutoka hewani, mwenye njaa hachagui keria. Ndiyo maana neno hili lisisemwe na dereva mmoja peke yake mlangoni pa ofisi. Lisemwe na tawi, kwa barua, likiwa na bei za vitu vyenyewe. Mikanda minne na kamba mbili za ncha ni gharama ndogo ukilinganisha na kayaki moja, na mwajiri yeyote anayejua hesabu ataona hivyo kabla hata ya kufika kwenye habari ya mkono wa mtu.

Wakati mwema wa kulifanya jambo hili ni ule wa ziwa kufungwa, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, mitumbwi mingi ikiwa imelala mchangani. Fundi wa kuchomelea apewe gari lenyewe apime, asipewe vipimo kwa mdomo. Apakiaye awepo pale, aseme mkono wake unafika wapi. Ncha za mabomba zizibwe ili maji yasikae ndani yakaozesha chuma, na kila palipochomelewa pasipakwe rangi mpaka dereva na utingo wamepaona kwa macho, kwa maana rangi huficha ufa kwa mwaka mzima.